Siri ya kijana ni amana: somo juu ya kuwasaidia vijana waliojeruhiwa moyoni



Katika somo hili tunazungumza juu ya vijana wenye miaka 10 hadi 19. Mara nyingi tunawasahau. Mtoto mdogo akilia, mama anamfunga mgongoni. Mtu mzima anaitwa kwenye mkutano wa kamati au kwenye mgawo wa chakula. Lakini kijana ni mkubwa mno kubebwa, tena ni mdogo mno kuitwa mkutanoni. Anabaki pembeni na mawazo yake. Sisi tunaona tu kwamba amekuwa mkaidi, au amekuwa kimya.

Shabaha ya somo: baada ya kulisoma na kulijadili, kila kundi liweze:
- kutambua dalili za kijana mwenye jeraha la moyo;
- kumsikiliza bila kumwumiza mara ya pili;
- kulinda siri yake na kujua mipaka ya siri hiyo;
- kujua ni wakati gani tunapaswa kumpeleka kwa mwenye ujuzi zaidi.

1. Tulianza vibaya

Tuanze na makosa yetu wenyewe, ili ninyi msiyarudie.

Mwaka wa 2023, katika kambi moja upande wa magharibi wa Goma, tulisimamisha hema kwa ajili ya vijana. Tulitandika mikeka, tukaleta mpira na madaftari ya kuchora. Juu ya mlango tukaandika kwa herufi kubwa: MSAADA WA AFYA YA AKILI. Kwa majuma mawili walikuja watoto wadogo tu, kwa sababu ya mpira. Vijana walipita mbali. Tulipowauliza, msichana mmoja akajibu: "Yaya, nikiingia pale wataniita mwenda wazimu. Nani atanioa?"

Tulifuta yale maandishi. Vijana wenyewe wakachagua jina lingine: KIVULI. Pale kambini, juu ya mawe ya volkano, hapakuwa na mti hata mmoja, na kila mtu alijua thamani ya kivuli. Juma lililofuata waliingia wengi.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Mvulana wa miaka 15 alimwambia mhamasishaji wetu kwamba usiku hapati usingizi, kwamba kila mlango unaogongwa unamshtua. Akaongeza kwamba kuna watu waliomwahidi chakula na bunduki akiwafuata. Mhamasishaji aliogopa. Jioni ile ile, kwa nia njema, alikwenda kumwonya baba yake. Hakumwambia kijana kwanza. Hakumwandaa baba. Baba naye, kwa woga wake, alimpiga kijana mbele ya majirani huku akiyarudia maneno yote aliyoyasema kwenye hema.

Asubuhi kijana hakuwapo. Hatukumwona tena. Mpaka siku ambayo kambi ile iliondolewa, mama yake alikuwa akipita kwetu kuuliza kama tumepata habari yoyote.

Tulikaa pamoja kutafuta kosa letu. Je, tulikosea kumwambia baba? Hapana. Hatari ile ilikuwa kubwa, na mzazi alipaswa kujua. Tulikosea namna. Tulilichukua neno la kijana na kulipeleka bila yeye, kana kwamba ni mali yetu. Tangu siku hiyo tumelishika fundisho hili: mkeka, mpira na hema vinamleta kijana mara moja. Kinachomrudisha ni kujua kwamba neno lake linalindwa.

2. Jeraha la moyo ni nini?

Mtu aliyekimbia vita, aliyeona ndugu akiuawa, au aliyepoteza nyumba, akihuzunika na kuogopa si mgonjwa. Hayo ni majibu ya kawaida kwa mambo yasiyo ya kawaida. Vijana wengi hupata nafuu wakiwa na usalama, chakula, masomo na watu wanaowapenda. Lakini kwa wengine jeraha halifungi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ulimwenguni kijana 1 kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Mwaka wa 2019, watafiti wa shirika hilo walionyesha kwamba mahali palipopitiwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la namna hiyo. Basi tusiseme, "Katika kartie yetu hakuna."

Dalili tunazoziona mara nyingi kwa vijana ni hizi:
- halali vizuri, anaota ndoto za kutisha, au anakojoa kitandani tena ingawa aliacha zamani;
- anajitenga, haongei, hataki tena kucheza wala kuimba kwaya;
- anakasirika upesi, anapigana, ameanza pombe au dawa za kulevya;
- anaumwa kichwa au tumbo kila mara na kwenye kituo cha afya hawaoni ugonjwa;
- masomo yamemshinda, anasahau hata alichotumwa;
- anasema hana faida, au kwamba ingekuwa bora kama angekufa pamoja na wengine.

Dalili moja kwa siku mbili isitutishe. Dalili nyingi kwa majuma kadhaa, zikimzuia kula, kusoma au kufanya kazi, zinataka msaada. Maneno ya kutaka kufa hayasubiri hata siku moja.

Wavulana na wasichana hawaonyeshi maumivu kwa namna moja. Msichana mara nyingi hunyamaza na kuendelea kuteka maji, nasi tunamsifu kwamba ni mvumilivu. Mvulana hugeuka mkali, nasi tunamwita maibobo. Wote wawili wanaweza kuwa wamebeba mzigo ule ule.

3. Tazama, sikiliza, unganisha

Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Huduma hii haihitaji daktari. Mwalimu, mchungaji, imamu, mama wa jirani au kijana mkubwa anaweza kuitoa. Ina hatua tatu.

Tazama. Kabla ya kuuliza lolote, angalia kama mahali ni salama. Je, kijana amekula? Ana jeraha mwilini? Nani anasikiliza nyuma ya turubai? Usimwite kwa sauti mbele ya wenzake.

Sikiliza. Kaa naye usawa mmoja, si wewe juu ya kiti na yeye chini. Sema jina lako na kazi yako. Uliza: "Siku hizi unaendeleaje?" kisha nyamaza. Usimlazimishe kusimulia yaliyomtokea. Zamani wengi walidhani kwamba mtu akisimulia yote mara moja anapona. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri tusifanye hivyo, maana kumkaza mtu asimulie kunaweza kumwumiza zaidi. Akitaka kusema, sikiliza. Akitaka kunyamaza, kaa naye.

Yako maneno ambayo sisi wakubwa tunayapenda lakini yanafunga mlango: "Wewe ni mwanaume, usilie." "Wengine waliteswa kuliko wewe." "Sahau, hiyo imepita." Tena tunapenda kusema, "Mficha ugonjwa, kifo humwumbua." Methali hiyo ni ya kweli, lakini tusiigeuze fimbo ya kumkaripia asiyetaka kusema. Anayeficha huenda hajapata mtu wa kumwambia. Maneno yanayofungua ni mafupi: "Pole, mtoto wangu." "Nakusikia." "Si kosa lako."

Kijana akianza kutetemeka au kupumua mbio katikati ya mazungumzo, msaidie arudi mahali alipo. Mwambie akanyage chini kwa nguvu kwa nyayo zote mbili. Apumue polepole. Ataje vitu vitano anavyoviona: bidoni, sufuria, mbuzi, mlango, mkono wako. Hayo hayaondoi huzuni, lakini yanampa nguvu ya kusimama tena.

Unganisha. Kijana mwenye njaa umwunganishe na kamati ya chakula, aliyepotea na ndugu umwunganishe na wanaotafuta familia, aliyeacha masomo na mwalimu. Usimwahidi usichoweza. Vijana waliohama wamekwisha kusikia ahadi nyingi.

Mambo mawili hayangoji. La kwanza ni ubakaji, kwa msichana au kwa mvulana. Afike kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Kwa msichana, dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, lakini mapema ni bora. Saa 72 zikiwa zimepita bado aende, maana kuna matibabu mengine. La pili ni kutaka kujiua. Usiogope kumwuliza wazi: "Je, umefikiri kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kupumua. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye kamba, kisu, dawa na sumu ya wadudu, na umsindikize kwa muuguzi siku ile ile.

Anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayeacha kabisa kula, au anayeanguka kifafa, naye apelekwe kwenye matibabu. Asifungwe kamba wala kupigwa. Tulizo Letu huko Goma na SOSAME huko Bukavu ni vituo vinavyojulikana kwa miaka mingi kwa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa huko Bukavu mwaka wa 1999 na daktari Denis Mukwege, inajulikana kwa kuwatibu waliotendewa ukatili wa kingono. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi ndiye atakayewaonyesha njia iliyo wazi kwa wakati huo.

4. Siri na mipaka yake

Baada ya yule kijana kuondoka, tuliwaomba wenzake watuandikie sheria za Kivuli. Walitumia siku tatu. Hizi ndizo walizotupatia, nasi tunazifuata mpaka leo:

Kwanza: kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Si kwa mke wa mhamasishaji, si kwenye mahubiri ya Jumapili, hata bila kutaja jina. Kambini kila mtu anajua ni nani anayesimuliwa.

Pili: kuna mambo matatu ambayo hatuwezi kuyaficha: maisha ya kijana yakiwa hatarini, mtu akimtendea ukatili, au yeye mwenyewe akitaka kumdhuru mwingine. Mambo haya kijana aelezwe siku ya kwanza, kabla hajafungua kinywa, si baada ya kusema.

Tatu: hata ikiwa lazima kumwambia mtu mwingine, kijana ajulishwe kwanza. Tumwulize: "Tumwambie nani? Nani unamwamini? Unataka uwepo, au tuseme kwa niaba yako?" Kijana mmoja atachagua mama, mwingine shangazi, mwingine padri. Asiyemwamini baba yake huenda ana sababu.

Nne: anayepokea habari aandaliwe. Tunakaa naye asubuhi, wakati akili imetulia, tunamweleza kwamba kijana amefanya jambo la ujasiri, na tunamwomba asimpige. Tunarudi kesho yake kuona hali.

Kama tungekuwa na sheria hizi mwaka wa 2023, pengine yule mama asingekuwa akitafuta habari. Hatuwezi kujua. Lakini tunajua tulichomnyima kijana yule: nafasi ya kusimama karibu nasi wakati baba yake anaambiwa.

Viongozi wafahamu pia kwamba sheria iko upande wa kijana. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 katika nchi yetu inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Inakataza kumwingiza katika jeshi au vikundi vya silaha, na inakataza kumwoza. Kwa hiyo msichana wa miaka 16 aliyebakwa hawezi "kutengenezewa" kwa kuolewa na aliyembaka, hata familia mbili zikikubaliana mbuzi.

5. Simu na intaneti

Vijana wa mjini walituuliza: "Kwa nini msitutengenezee mahali kwenye intaneti, tuandike matatizo yetu bila kuonekana?" Wazo ni zuri, maana kijana mwenye haya huandika asichoweza kusema. Lakini tulipohesabu pamoja nao, tuliona kwamba katika familia nyingi simu ni moja, nayo ni ya baba au ya kaka mkubwa. Mega zinanunuliwa, chaji inalipiwa, na ujumbe uliobaki kwenye simu unasomwa na mwingine usiku.

Basi tulikubaliana hivi. Simu ni daraja la kumfikia mtu, haichukui nafasi ya mtu. Kijana akituma neno moja tulilopatana, kwa mfano "daftari", tunajua anataka kuonana, na hakuna atakayeelewa akilisoma. Hatumpigii sisi kwanza kabla ya kujua nani ameshika simu. Hatuandiki jina wala habari yake. Hatumpigi picha, na hatuweki habari zake kwenye mitandao hata kama wafadhili wanaomba. Anayetaka kujenga msaada wa namna hiyo kwenye intaneti ajiulize kwanza: kijana akiandika saa nne usiku kwamba anataka kufa, nani atamjibu, na nani atafika mlangoni kwake? Kama hakuna, aanze na kutafuta huyo mtu.

6. Kambi ilipoondolewa

Mwisho wa mwezi wa Januari 2025 mapigano yaliingia Goma. Mwezi wa Februari kambi zilizouzunguka mji zikabaki tupu. Familia nyingi zilirudi upande wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, mara nyingi kwenye nyumba zilizobomoka. Nyingine zilijibana kwa ndugu, katika makanisa na shule. Hema letu halikuwapo tena, wala mikeka. Tulifikiri kazi imekwisha.

Baada ya majuma kadhaa tulipata habari za mama wawili waliokuwa wakijitolea pale Kivuli. Walikuwa wamepokelewa katika kartie moja, na kila Jumamosi waliwasuka wasichana nywele nyuma ya kanisa. Hakuna anayeuliza kwa nini wasichana wanakaa pamoja saa tatu wakisukwa. Wanaosuka wanasikiliza. Sheria nne wanazikumbuka kwa kichwa. Kijana mmoja mkubwa alikuwa akifanya vivyo hivyo na wavulana wanaotengeneza chukudu. Hawakupewa pesa wala turubai. Walikuwa na jina zuri tu: watu wasiotoa siri.

Kwamba watu wa kawaida waliofundishwa wanaweza kusaidia, hata utafiti umeonyesha. Mwaka wa 2013 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa Kivu ya Kusini na ya Kaskazini na wanawake 405 waliotendewa ukatili wa kingono. Waliosaidiwa, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walikutana na Wakongomani waliopata mafunzo. Miezi sita baada ya matibabu, kati ya wale waliopata tiba katika vikundi, 9 kwa 100 tu ndio waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Kati ya waliopata msaada wa mmoja mmoja walikuwa 42 kwa 100. Mwaka ule ule, kazi mbili nyingine mashariki ya Kongo, moja na wavulana 50 na nyingine na wasichana 52, zilionyesha kwamba vijana wa miaka 12 hadi 17 walipata nafuu kubwa baada ya vikao 15 katika vikundi. Kwa hiyo kijana akija mara moja tu, tusikate tamaa, tumkaribishe tena.

7. Tufanye nini tangu juma hili?

Wazazi: tafuteni nusu saa na kijana wenu mkifanya kazi pamoja, kupepeta maharagwe au kubeba makala, bila kumhubiri. Akikuambia jambo, usilirudie siku ya hasira.

Viongozi wa mitaa na wa dini: chagueni watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, ambao vijana wenyewe wanawataja kwamba wanaaminika. Msichague ninyi.

Walimu: mwanafunzi aliyeanza kulala darasani, mwulizeni baada ya masomo, si mbele ya wenzake.

Wote: anayesikiliza naye huchoka. Wasikilizaji wakutane wao kwa wao, wapeane zamu, na asiwepo anayebeba peke yake.

Maswali ya kujadiliana katika kundi

1. Katika mtaa wetu, kijana mwenye jambo zito angemwendea nani? Kwa nini mtu huyo, si mwingine?
2. Ni jina gani tunawapa vijana wanaonyamaza au wanaopigana? Jina hilo linawasaidia au linawafukuza?
3. Msichana wa miaka 14 anakuambia kwamba mjomba aliyewapokea nyumbani humwingilia usiku, naye anakuomba usimwambie mtu. Utamjibu nini? Utafuata hatua zipi, na kwa utaratibu gani?
4. Yule baba aliyempiga kijana wake alikuwa mbaya, au alikuwa mwoga? Sisi tungemwandaa namna gani?
5. Kituo cha afya kilicho karibu nasi kiko wapi, na mtu anafika kwa saa ngapi? Nani atamsindikiza kijana usiku?
6. Kama kesho tutahama tena, ni kitu gani katika msaada wetu kitabaki?

Swali la sita tunawaomba mlijibu mwisho, mkiwa pamoja na vijana wenyewe. Waacheni waanze wao kusema.

Amani iwe nyumbani mwenu, popote nyumba hiyo ilipo leo.